Simu Inasema Umefika, Mbele Kuna Ukuta

Saa mbili usiku, Goba. Bajaji imesimama kwenye uchochoro ambao hata kugeuza ni shughuli. Mbele kuna ukuta wa tofali za inchi sita, juu yake vipande vya chupa. Nyuma ya ukuta mbwa anabweka. Simu iliyobanwa kwenye usukani imeshatangaza, kwa utulivu wake wa siku zote, kwamba safari imeisha.

"Bosi, nimefika."

"Umefika wapi, kaka? Mbona sikuoni?"

"Ramani inaonyesha hapa hapa kwako."

"Mbele yako unaona nini?"

"Ukuta."

"Wa rangi gani?"

Kuanzia hapo mazungumzo yanarudi miaka ishirini nyuma. Kuna mwembe? Umepita kanisa? Rudi mpaka kwenye nguzo yenye transfoma. Chakula kiko mita kumi na mbili kutoka kwa mlaji, ila kwa barabara ni kilomita moja na nusu, kwa sababu geti liko upande wa pili na katikati kuna korongo.

Kila anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam ameshapiga simu hiyo, au ameshapigiwa. Lakini kwa wiki kadhaa sasa kuna kitu kimenikaa kichwani kuhusu tukio la namna hii, nacho si ukuta wala korongo.

Ni ile sauti.

Pale Tangi Bovu, ilipomwambia dereva akate kutoka Barabara ya Bagamoyo, simu ilikuwa inajua inachosema. Magari maelfu hupita pale kila siku. Mita mia tatu za mwisho ilikuwa inabahatisha. Na ilibahatisha kwa sauti ile ile, bila kusita, bila "nadhani". Mwenye genge ukimuuliza njia asiyoijua vizuri atakuna kichwa, utamwona machoni. Simu haina macho ya kuangaliwa.

## Ndani ya simu hakuna barabara

Tukisema ramani tunafikiria picha. Simu haisomi picha. Inasoma orodha ya nukta, na mistari inayounganisha nukta na nukta. Kila mstari umebandikwa maelezo mafupi: barabara kuu au ya mtaa, lami au vumbi, upande mmoja au pande mbili, gari linaruhusiwa au haliruhusiwi. Kutokana na maelezo hayo programu inaupa kila mstari uzito, ambao mara nyingi ni muda wa kuupita: urefu gawanya kwa mwendo. Halafu inatafuta mfuatano wa mistari wenye jumla ndogo kuliko yote. Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mholanzi Edsger Dijkstra aliichapisha mwaka 1959, na programu za leo bado zinakula urithi wake.

Hesabu haikosei. Kinachokosewa ni uzito.

Chukua mfano. Kuna njia ya mkato ya kilomita 6 ambayo mchoraji aliiandika kuwa barabara ya kawaida, akasahau neno moja tu: vumbi. Programu inaikadiria mwendo wa kilomita 50 kwa saa, inapata dakika 7. Barabara ya lami inayozunguka ni kilomita 10 kwa mwendo huo huo, dakika 12. Simu inachagua 7, na nani angechagua 12? Ukifika huko masika unakuta makorongo ya matairi ya malori, unakwenda kilomita 12 kwa saa, unatumia nusu saa kama hukukwama. Hakuna aliyedanganya. Neno moja lilikosekana.

Kosa jingine haliwezi kuonekana kwenye kioo hata ukikodoa macho. Mistari miwili inakatana kwenye picha lakini haina nukta ya pamoja. Kwa binadamu ile ni njia panda. Kwa programu ni kama waya mbili zilizopishana hewani, huwezi kuhama kutoka huu kwenda ule. Ndiyo maana wakati mwingine unapitishwa kona unayoijua kabisa, unapelekwa kilomita mbili mbele, unageuzwa, unarudishwa. Kinyume chake nacho kipo: daraja la juu na barabara ya chini zikipewa nukta moja kimakosa, utaambiwa ukate kushoto ukiwa juu ya daraja la Mfugale pale Tazara.

## Ukuta hauonekani kutoka juu

Mitaa mingi ya pembezoni, na vijiji vingi zaidi, imechorwa na watu waliokaa mbali wakifuatisha picha ya satelaiti kwa kipanya. Siwabezi. Bila wao sehemu kubwa ya nchi ingekuwa karatasi tupu. Lakini ni vizuri kujua wanaona nini.

Katika picha nzuri za satelaiti zinazotumika kwa kazi hii, nukta moja ya picha hufunika sentimita 30 hadi 50 za ardhi. Ukuta wa tofali la inchi sita una unene wa sentimita 15.

Nusu ya nukta, au chini ya hapo.

Kwa hiyo ukuta ule wa Goba, wenye chupa na kila kitu, kwa mchoraji haupo. Kinachoweza kuufichua ni kivuli chake, kama picha ilipigwa jua likiwa limelala. Geti la chuma nalo halipo. Linaonekana kama barabara inayoendelea. Mto mkavu wenye mchanga mweupe unaonekana kama barabara safi ya vumbi, safi kuliko barabara yenyewe. Mwembe mkubwa unaikata njia vipande viwili, na mchoraji mwangalifu anaviacha hivyo hivyo kwa kuwa hakuona kilicho chini ya majani.

Halafu kuna viwanja vitupu. Goba, Madale, Chanika, hadithi ni moja. Kiwanja kinakaa miaka mitatu bila mtu, bodaboda wanakatisha katikati, majani yanakufa, njia inaonekana hata kutoka juu. Inachorwa. Siku moja mwenye kiwanja anakuja na lori la tofali. Ukuta unasimama ndani ya wiki mbili. Mstari kwenye ramani unabaki miaka.

Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulifanya kazi kwa njia nyingine hapa Dar es Salaam. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea kwa miguu pamoja na wenyeji katika kata zinazokumbwa na mafuriko, wakiandika hata mitaro. Ukiitazama ramani huria ya OpenStreetMap katika kata walizopita utaona tofauti mara moja: vichochoro vina majina, mitaro imechorwa. Mtu anayetembea anauona ukuta kwa sababu unamzuia.

## Pini inapoangukia

Hapa ndipo ilipo siri ya ile "umefika".

Pini yako, ile alama ya mahali unayoiweka kwenye ramani, iko juu ya bati la nyumba. Nyumba haiko juu ya mstari wowote. Programu inafanya nini? Inatoka kwenye pini, inaruka moja kwa moja, kama kunguru, hadi kwenye mstari ulio karibu kuliko yote, na hapo ndipo inapopaita mwisho wa safari. Haiulizi geti liko wapi. Kama uchochoro wa nyuma uko mita 9 kutoka kwenye pini na barabara ya geti iko mita 25, uchochoro umeshinda.

Kwa hiyo simu iliposema umefika haikuwa na maana kwamba umefika nyumbani kwa mtu. Ilikuwa na maana kwamba umefika kwenye mstari ulio karibu na pini. Ni mambo mawili tofauti, na kati yake unaweza kupita Mto Msimbazi, reli, au ukuta wa kiwanda wenye urefu wa nusu kilomita.

Tiba yake ni rahisi kiasi cha kukera: usiweke pini juu ya bati. Iweke barabarani, mbele ya geti. Kuisogeza mita kumi na tano tu kunamtoa mgeni wako nyuma ya ukuta na kumleta mlangoni.

Pini nayo inaweza kuwa mbali kwa makilomita. Desemba 2012 polisi wa jimbo la Victoria, Australia, waliwaonya madereva wasiitumie ramani ya Apple kwenda mji wa Mildura, baada ya watu kadhaa kukwama ndani ya hifadhi ya Murray-Sunset, kama kilomita 70 kutoka mjini, mahali pasipo na maji na ambapo joto huweza kufika nyuzi 46. Chanzo kilikuwa majina. Mildura ni mji, na Mildura pia ni eneo zima la utawala, kubwa mno. Katikati ya eneo hilo kuna pori. Ramani ilichukua katikati ya eneo ikaiita mji.

Jambo hilo hilo linatokea kwetu kila unapoandika jina la wilaya au la kata ukidhani umeandika jina la stendi. Pini inakwenda kukaa katikati ya eneo, mahali ambapo pengine pana mihogo.

## Mbezi ipi?

Anayekwenda kupanda basi la alfajiri kwenye stendi ya Magufuli anaandika "Mbezi", anagusa pendekezo la kwanza, anafunga mkanda. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo. Mbezi Luis, kwenye stendi, iko Barabara ya Morogoro. Basi halimsubiri aliyekosea Mbezi.

Majengo iko Dodoma, iko Moshi, iko Mombasa, iko Nairobi, na kwingine pengi. Kabla ya kugusa "anza", soma mstari mdogo ulio chini ya jina, ule wenye mkoa, halafu angalia muda. Kama unajua ni mwendo wa dakika ishirini na simu inasema ni mwendo wa saa tisa, umeshajibiwa.

## Daraja lililopo na daraja lisilokuwepo

Ramani ni ya siku ilipochorwa. Kwa wanaopakua ramani ili kuokoa bando, ni ya siku ilipopakuliwa. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lilizinduliwa Juni 2025. Simu yenye ramani iliyopakuliwa kabla ya hapo na haijasasishwa bado itakupeleka kwenye kivuko. Hilo ni kosa la kuchekesha.

Kosa la kinyume chake linaua. Novemba 2024, karibu na Bareilly katika jimbo la Uttar Pradesh, India, wanaume watatu walikufa gari lao lilipodondoka mto Ramganga kutoka kwenye daraja ambalo sehemu yake ilikuwa imeshachukuliwa na mafuriko. Ramani ya simu ilikuwa bado inalionyesha kama njia. Barabarani hapakuwa na kizuizi cha maana cha kuwazuia.

Kesi ile ilinibadilisha mawazo kidogo. Mwanzoni nilikuwa tayari kuilaumu programu moja kwa moja. Lakini daraja lililokatika bila hata pipa lililojazwa mawe mbele yake ni kosa la mtu mwenye ofisi, na ramani safi kuliko zote isingemsaidia mtu anayepita usiku bila simu. Makosa mawili yalikutana. Mara nyingi huwa ni mawili.

Nyumbani tunalo Jangwani. Msimbazi ukifura, Barabara ya Morogoro inafungwa pale bondeni, na mstari kwenye ramani unabaki palepale. Programu inajifunza kufungwa kwa barabara ama kwa kuambiwa na mtu, ama kwa kuona magari yamesimama. Sasa barabara iliyofungwa vizuri haina magari yaliyosimama. Haina magari kabisa. Kwa dakika za mwanzo, machoni pa simu, barabara isiyopitika na barabara isiyo na foleni zinaweza kufanana. Mvua ikinyesha usiku kucha, usiiamini rangi ya buluu inayopita Jangwani. Piga simu kwa mtu aliyeko Magomeni.

## Vitufe ambavyo hakuna anayevigusa

Kwenda Kigamboni kuna njia tatu: kivuko cha Magogoni, Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, na kuzungukia Kongowe. Sasa fungua mipangilio ya njia kwenye programu yako. Kuna kuepuka vivuko, na kuna kuepuka barabara za kulipia. Watu huigusa hii ya pili siku moja kwa ajili ya safari moja, wanasahau. Kama daraja limeandikwa kwenye ramani kuwa lina tozo, simu inalifuta bila kukueleza, na wewe unabaki unashangaa kwa nini unapelekwa Magogoni au Kongowe wakati daraja unaliona kwa macho.

Usipogusa chochote nayo ina kasoro yake. Programu inahesabu muda wa pantoni kuvuka maji. Foleni ya magari yanayosubiri pantoni mara nyingi haimo.

Kwa safari ndefu jambo hili linakuwa la hela. Omba njia kutoka Arusha kwenda Musoma na simu inaweza kukuchorea mstari mzuri unaokatiza Ngorongoro na Serengeti. Ni barabara kweli, magari hupita. Ila kuna viingilio vya mamlaka mbili tofauti, kuna mageti yanayofungwa saa 12 jioni, na hairuhusiwi kuendesha usiku hifadhini. Mstari wa buluu hausemi hayo. Programu imeona urefu na mwendo, basi.

Na kabla ya yote, angalia alama iliyo juu: gari, pikipiki au mtu anayetembea. Bajaji nyingi zinazoishia kwenye ngazi za korongo zilikuwa zinafuata njia ya mtembea kwa miguu.

## Nukta ya buluu nayo inakadiria

Hata ramani ikiwa kamili, simu lazima ijue iko wapi. Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, na simu inahitaji kuzisikia nne kwa wakati mmoja. Penye uwazi, simu ya kawaida hukosea kama mita tano. Posta, katikati ya maghorofa, mawimbi yanagonga kioo kwanza ndipo yakufikie, na nukta inaruka hadi mtaa wa pili.

Mita tano ni kidogo ukiwa shambani. Kati ya barabara kuu na ile ya pembeni yake, mita tano ni barabara nyingine. Nairobi ndiko tatizo hili lina ghorofa: barabara ya kulipia ya Expressway, kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, kwa baadhi ya sehemu imesimama juu ya barabara za zamani. Kwa upande wa ramani, uko mahali pale pale ukiwa juu na ukiwa chini. Kimo ndicho kitu ambacho GPS ya simu inakijua vibaya zaidi. Ndipo unaambiwa "toka kushoto" na kushoto kuna nguzo ya zege.

Angalia duara jepesi linalozunguka nukta ya buluu. Hicho ndicho kitu pekee kwenye kioo kinachokiri kutojua, na hakuna anayekitazama. Likiwa dogo, endelea. Likiwa limefunika mitaa miwili, maelekezo yote ya kona ni ya kubuni. Toka kwenye kivuli cha jengo, zima hali ya kubana betri, subiri nusu dakika.

Jambo la mwisho kuhusu nukta: ukiwa umesimama, GPS haijui umeelekea wapi. Mshale unategemea dira ndogo ndani ya simu, na dira hiyo inachanganywa na sumaku. Kishikio cha simu chenye sumaku, kava lenye sumaku, spika ya gari. Ndiyo maana agizo la kwanza la safari ndilo linalokosewa mara kwa mara. Nenda polepole mita 20 au 30, mshale utageuka wenyewe.

## Je, kuuliza kulikuwa bora?

Nilitaka sana jibu liwe ndiyo. Ingekuwa makala fupi.

Lakini tuseme ukweli. "Ni hapo tu mbele" imeshawahi kuwa dakika arobaini. Kuna mtu ambaye hawezi kukuambia hajui, kwa adabu tu, kwa hiyo anakuonyesha upande wowote kwa mkono mzima. Kuna anayekuelekeza kwa duka lililovunjwa miaka sita iliyopita. "Pale palipokuwa na baa." Mgeni atajuaje palipokuwa na baa? Mwanamke anayetembea peke yake usiku ana sababu nzito za kutotaka kumuuliza kila mtu aliyekaa kijiweni.

Tofauti niliyoiona baada ya kuligeuza jambo hili huku na huku ni ndogo. Ukimuuliza mtu, unajua kwamba umeuliza. Unalipima jibu, unamuuliza wa pili pale mbele, ukipata majibu mawili yanayofanana unaongeza mwendo. Simu hatuiulizi. Tunaifuata. Dereva yule yule ambaye asingemwamini mtu mmoja wa kijiweni anaingiza bajaji kwenye uchochoro unaozidi kuwa mwembamba, taa zinaonyesha kabisa mbele hakuna njia, naye anaongeza mafuta kwa sababu mstari bado una buluu.

## Kabla ya kuwasha gari

Dakika tatu zinatosha, ukiwa umesimama.

Itazame njia yote kutoka juu kwanza, kabla ya kubonyeza "anza". Mstari unaoiacha lami kwa kona kali na kurudi kwenye lami hiyo hiyo mbele ni mkato. Jiulize mkato huo umetoka wapi. Halafu vuta picha uone mita 500 za mwisho, na ugeuze kwenda kwenye picha ya satelaiti. Tafuta rangi ya njia, alama za matairi, na upande ambao vivuli vya kuta vimelala. Angalia kama kati ya mstari unaoishia na paa la nyumba kuna kitu cheusi kirefu: ni korongo au ni mtaro mkubwa.

Linganisha na ramani ya pili, ila iwe ya pili kweli. Programu mbili zinazokula data moja zitakosea kwa pamoja. Organic Maps na OsmAnd zote zinatumia OpenStreetMap, kwa hiyo kuzilinganisha hizo mbili ni kumuuliza mtu na pacha wake. Linganisha moja kati yake na Google Maps. Zikikubaliana, vizuri. Zikitofautiana, ndipo hapo pa kupigia simu.

Pakua ramani ya eneo ukiwa na mtandao mzuri, na isasishe kabla ya safari ndefu. GPS haihitaji bando. Picha ya ramani ndiyo inayohitaji. Na chagua mapema mahali pa kuacha kuitii simu. Kwenye njia ya vumbi ya masika, hapo ni pale ambapo bado unaweza kugeuza.

## Upande wa mwenyeji

Ramani nyingine zote ziachwe, mwenye nyumba ana uwezo kuliko satelaiti.

Usitume lokesheni ukiwa sebuleni. Ndani ya nyumba simu husikia minara na waifai, si satelaiti, na inaweza kukuweka kwa jirani wa mtaa wa tatu. Toka nje, simama getini. Kwenye WhatsApp, unapotaka kutuma mahali ulipo, kuna maandishi madogo yanayotaja usahihi kwa mita. Utakuta 60, au 35. Subiri. Ikishuka chini ya 10, tuma. Tuma mahali ulipo sasa, si lile eneo linalokufuata kila unakokwenda, maana ukirudi ndani litaondoka na wewe.

Ukitaka kutumia namba za mahali (latitudo na longitudo), zitume zote. Tarakimu tano baada ya nukta ni usahihi wa kama mita moja. Tatu ni mita mia na kumi. Usipoteze alama ya kutoa: Dar es Salaam iko -6.8, 39.28, na bila alama hiyo mgeni wako anakwenda Ethiopia. Ukigeuza namba, ya pili ikatangulia, anakwenda Uhispania karibu na mpaka wa Ureno. Misimbo ya Plus (Plus Codes) inaondoa hatari hiyo, kwani ni herufi na namba chache zinazotaja kiboksi cha mita 14 kwa 14. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam msimbo kamili huanza na 6G5X. Kama kibao cha anwani ya makazi kilichobandikwa mwaka 2022 bado kipo getini, kitaje pia, namba na jina la mtaa. Bodaboda wa eneo hilo atakisoma hata kama simu yake haikijui.

Kisha rekebisha ramani yenyewe. Kwenye OpenStreetMap unafungua akaunti, unaweka nukta ya geti juu ya mstari, unaandika njia kuwa ya vumbi, na mchoraji wa mbali hataona tena barabara mahali penye ukuta wako. Kwenye Google Maps unapendekeza mabadiliko na kusubiri. Picha ya ukuta iliyopigwa kutoka barabarani husaidia. Fanya kwa uchochoro wa nyuma kwanza, maana huo ndio unaoleta watu mahali pabaya.

Na bado andika mistari miwili kwa maneno, chini ya pini. Si historia ya mtaa. Kitu cha mwisho ambacho hakiwezi kukosekana usiku, na upande. "Ukipita duka la Mangi lenye friji nje, kata kulia kabla ya transfoma. Geti jeusi, la pili kushoto. Ukiona korongo umepitiliza."

Halafu washa taa ya nje.